Kuhakiki episodi ya zamani ya vichekesho vya runinga: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Episodi za zamani zimefufuka. Kipande cha Ze Comedy ya enzi za EATV, kabla kundi halijahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, au cha Mizengwe ya ITV, kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na kila anayekipokea ana hukumu yake. Mmoja anasema zamani watu walichekesha kweli, mwingine anajibu kwamba walikuwa wanapiga kelele tu. Wote wawili wamewahi mno. Igizo fupi la runinga lilitengenezwa kwa wiki fulani, kwa watazamaji fulani, kwa vifaa fulani, na asiyeyajua hayo humsifu au kumlaumu mchekeshaji kwa jambo ambalo hakulifanya.

Dhana: Nimeiona kwenye simu, kwa hiyo nimeiona episodi.

Ukweli: Mara nyingi umeona masalia yake. Klipu ya dakika nne imenyofolewa kutoka kwenye kipindi cha nusu saa, na maigizo mafupi ya kipindi kimoja hutegemeana. Mhusika anayepita dakika ya 3 akiulizia njia ya kwenda Buguruni anaweza kurudi dakika ya 19, katikati ya msiba wa watu wengine, bado anaulizia Buguruni. Kicheko cha dakika ya 19 kimelipiwa dakika ya 3. Ukikata hapo kati, kinachobaki ni mtu anayeropoka msibani bila sababu, na mhakiki ataandika kwamba igizo halina kichwa wala miguu.

VCD, yaani diski za video, zilizouzwa Kariakoo zina shida yake. Nyingi zilikuwa mikusanyiko: vipande vya wiki mbalimbali vimebandikwa pamoja vijaze diski. Kwa hiyo usiandike kwamba "kipindi kinajirudia" kama ulichotazama ni VCD, maana aliyejirudia huenda ni mkusanyaji.

Kabla ya kuandika neno lolote, ikague nakala yako. Je, una wimbo wa kufungulia na majina ya mwishoni? Kisha tazama umbo la picha. Vipindi vya enzi za TV za chogo vilipigwa kwa uwiano wa 4 kwa 3. Tafuta kitu cha mviringo, kama saa ya ukutani au tairi: kikionekana kama yai lililolala, picha imevutwa ijaze kioo kipana, na sura za waigizaji zimenenepeshwa nayo. Vichwa vikikatwa juu na miguu chini, picha imepunguzwa, na hapo utani wa mwili unapotea kabisa. Mwigizaji aliyevaa kandambili tofauti mguu huu na ule amechekesha bure. Angalia pia maandishi ya ukutani. Yakisomeka kinyumenyume, aliyepandisha klipu ameigeuza ili mitambo ya kutambua hakimiliki isiishike, na watu hao hao hupenda kuongeza kasi. Kwa kasi ya 1.25, kimya cha sekunde 2 kabla ya panchi, yaani neno au tendo la mwisho linalochekesha, kinakuwa sekunde 1.6. Sikio la kawaida linaweza lisitambue kwamba kuna kilichobadilika, ila panchi inafika kabla mtu hajawa tayari, na lawama anabebeshwa mwigizaji.

Haya si matatizo ya Bongo peke yake. Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani kinachorushwa moja kwa moja tangu tarehe 11 Oktoba 1975, kina marudio ambamo igizo lililoharibika hewani limewahi kubadilishwa na lile la mazoezi ya mwisho, yaliyofanyika mbele ya watazamaji saa chache kabla. Ukitazama marudio ukaandika kuhusu "usiku ule", unaandika kuhusu jambo ambalo waliokuwa mbele ya runinga usiku ule hawakuliona.

Dhana: Kituo lazima kina nakala safi, kazi ni kuomba tu.

Ukweli: Mikanda ilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani. BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi mpaka miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya kipindi cha vichekesho cha Peter Cook na Dudley Moore, *Not Only... But Also*, imepotea hivyo. Mara nyingine nakala pekee iliyobaki ni kaseti ya VHS ambayo mtu aliirekodi nyumbani kwake.

Kaseti iliyokaa Dar, kwa unyevu huu wa pwani, usiitie kwenye deki papo hapo. Itazame kwanza kupitia kidirisha chake chini ya mwanga mkali. Ukiona unga au nyuzi nyeupe pembeni mwa mkanda, hiyo ni kuvu. Ukiicheza, inaweza kuziba vichwa vya deki na kuhamia kwenye kaseti utakazotia baadaye. Ipeleke kwa fundi anayesafisha mikanda. Kama ni safi, vunja kile kikucha cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe nyuma hadi mwanzo, ndipo uicheze. Unapoihamishia kwenye kompyuta, chukua picha kwa vipimo vya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kama ulivyokuwa mfumo wa PAL tulioutumia enzi za mikanda. Kwa faili la DV, tenga gigabaiti 13 kwa kila saa moja. Kupiga picha kioo cha TV kwa simu kuwe njia ya mwisho kabisa: mistari itacheza na sauti itarudi na mwangwi wa chumba.

Na usiruke matangazo ya biashara yaliyorekodiwa katikati. Yana thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu ifuatayo.

Dhana: Tarehe iliyo chini ya video ndiyo tarehe ya kipindi.

Ukweli: Hiyo ni tarehe ya kupandishwa. Kuna tarehe mbili nyingine unazozihitaji, ya kurekodiwa na ya kurushwa, nazo zinaweza kupishana hata mpangilio. Monty Python's Flying Circus, kipindi cha kundi la wachekeshaji la Uingereza, ilianza kurushwa na BBC tarehe 5 Oktoba 1969, lakini episodi iliyorushwa siku hiyo ilikuwa ya pili kurekodiwa; iliyorekodiwa kwanza ilirushwa wiki iliyofuata. Anayeandika kwamba kundi "lilikomaa" kati ya episodi ya kwanza na ya pili ameusoma ukuaji wao kinyumenyume.

Kwa kipindi cha hapa kisicho na kumbukumbu, tarehe husomwa kwenye picha. Bango la kampuni ya simu ya Celtel nyuma ya mwigizaji linaashiria kabla ya Zain kuchukua nafasi mwaka 2008. Bango la Zain ni kati ya hapo na 2010, lilipokuja jina la Airtel. Noti zinazoshikwa mkononi husaidia pia, maana mfululizo mpya ulitolewa mwaka 2011. Vituo vya mwendokasi Barabara ya Morogoro vikiwa na mabasi yanayobeba abiria, uko Mei 2016 au baada yake. Namba za magari nazo: herufi za mfululizo wa A zilitangulia B, na B zikatangulia C. Ila hapa watu hukosea. Gari lenye herufi B linakuambia kipindi hakikurekodiwa kabla B haijaanza, basi. Gari la A halikuambii kwamba kipindi ni cha kabla ya B, kwa kuwa magari ya A bado yanatembea barabarani hadi leo. Kitu kipya kwenye picha ndicho kinachofunga tarehe. Kitu cha zamani hakifungi. Tangazo la biashara la promosheni yenye tarehe ya mwisho huwa limemaliza ubishi.

Dhana: Utani usiochekesha leo ulikuwa mbovu tangu mwanzo.

Ukweli: Kuna utani uliokufa kwa sababu tukio lake limesahaulika, na kuna utani uliozaliwa mfu. Kazi ya mhakiki ni kuvitenganisha.

Chukua mfano wa kufikirika: igizo la mwanzoni mwa 2008 ambamo tapeli anamuuzia mzee wa Manzese jenereta ambayo haijafika, haifiki, ila kila siku ipo njiani. Kijana aliyezaliwa 2005 ataona porojo ndefu. Mtazamaji wa wiki ile alikuwa ametoka kwenye mgawo wa umeme wa 2006, akausikiliza bungeni mjadala wa Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura na mitambo yake ikachelewa, na tarehe 7 Februari 2008 akamsikia Waziri Mkuu Edward Lowassa akijiuzulu. Kila "ipo njiani" ilikuwa kofi.

Jinsi ya kupima: ukishaipata tarehe, nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uombe magazeti ya Kiswahili ya siku kumi kabla ya kurushwa. Siku kumi zinatosha kwa kawaida, maana kipindi cha kila wiki huchukua kilicho midomoni mwa watu. Soma kurasa za mbele, michezo na barua za wasomaji, na hasa vibonzo, kwa kuwa mchora vibonzo na mchekeshaji huvua bahari moja. Ukirudi kwenye igizo, uliza swali moja: nikiliondoa tukio hili, bado kuna mtego, yaani hali inayoandaa kicheko? Kwenye mfano wa jenereta upo, yaani mtu anayelinda tumaini lake kwa kumtetea aliyemwibia. Hilo linaishi. Igizo ambalo kazi yake yote ni kuiga sauti ya mwanasiasa, likavuna kicheko kwa kufanana tu, halina cha kubaki nacho, na ni haki kulisema hivyo hata kama uigaji ulikuwa mzuri ajabu.

Dhana: Waliropoka tu, hakukuwa na maandishi.

Ukweli: Kamera itakuambia. Kwenye kipindi kilichopigwa kwa kamera zaidi ya moja studioni, angalia picha inahamia kwa msemaji lini. Ikihamia kabla hajafungua mdomo, mwongozaji alijua zamu ilikuwa ya nani: kulikuwa na maandishi, au angalau mazoezi. Ikimfikia ameshasema nusu sentensi, huenda amechomekea. Macho nayo husema. Saturday Night Live hutumia mabango ya maneno yanayoshikwa pembeni ya kamera, na ndiyo maana waigizaji wake huonekana wakimtazama mwenzao juu ya bega. Igizo lililopigwa mtaani kwa kamera moja na kuunganishwa baadaye halipimwi kwa njia hii. Hapo usimsifu mtu kwa "kasi ya kujibu" wakati kasi ni ya mhariri.

Dhana: Kicheko cha nyuma ni cha mashine siku zote.

Ukweli: Mashine ipo, fundi sauti Mmarekani Charley Douglass aliitengeneza miaka ya 1950, lakini usimsingizie kila mtu. Monty Python walirekodi mbele ya watazamaji, na hata vipande vya filamu vilivyopigwa nje vilionyeshwa kwa watazamaji hao studioni. Kicheko cha watu huanza na mmoja, kinasambaa, na mwigizaji hukisubiri kishuke. Cha kubandikwa huingia kizima na kutoka kizima, na ukisikiliza kwa spika za masikioni utakuta kikohozi kile kile kikirudi.

Dhana: Walidhihaki watu kwa sababu zama zile hakuna aliyejali.

Ukweli: Kajue kwanza kama hakuna aliyejali. Mwaka 2008 habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilikuwa kwenye kurasa za mbele, na mwaka huo huo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Utani wa kuwakejeli watu hao kwenye episodi ya mwaka ule haukuwa wa kutojua. Uandike hivyo, kwa tarehe.

Kisingizio kingine ni utani wa makabila. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi una pande mbili: leo unanisema, kesho msibani nitakusema mimi, na hakuna wa kununa. Lafudhi ya Kisukuma au ya Kimakonde kinywani mwa mtu wa Dar, ambaye mhusika wake kazi yake ni kuwa mjinga, ina upande mmoja. Usiihukumu lafudhi yenyewe. Tazama nani anashinda mwisho wa igizo. Mshamba anayemzidi akili tapeli wa mjini amepewa zamu yake ya kujibu. Huo ni utani kweli, na baadhi ya vichekesho bora vya Kiswahili vimejengwa juu yake.

Dhana: Kipindi ni cha kale, hivyo pandisha kipande chote mradi umetaja jina.

Ukweli: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki ukitaja chanzo. Igizo zima si nukuu. Ukihitaji zaidi ya sekunde chache za kuonyesha hoja yako, omba ruhusa.

Dhana: Kila mtu ameshaiona, basi panchi imwage.

Ukweli: Wengi wa watakaokusoma hawajaiona. Eleza mtego, acha mfyatuko. Usiandike, "Konda anakosa chenji ya mia mbili, anampa abiria mtoto wake amshikie." Andika, "Konda anakosa chenji ya mia mbili, na dakika mbili zinazofuata ni za kutafuta kitu ndani ya daladala chenye thamani ya mia mbili."