Kabla ya Kuuliza Faida, Uliza Fedha Inakaa kwa Nani

Parachichi za Rungwe na viazi vya Uyole vikishauzwa, mawakala wa uwekezaji nao huanza kupita. Wengi wetu huwauliza, "Kwa mwezi napata ngapi?" Hilo lingekuwa swali la mwisho.

Anza na leseni. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambamo wengi huchanga fedha ziwekezwe na meneja mmoja, na madalali wa hisa husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Benki ziko chini ya Benki Kuu, yenye tawi hapa Mbeya, na SACCOS hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Cheti cha BRELA kinaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa, na TIN ni mambo ya kodi. Havimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za umma, ingawa ndivyo vinavyotundikwa ukutani kwa fremu nzuri.

Leseni ikiwepo, tazama jina la akaunti unayoambiwa ulipie. Katika mfuko halali wa pamoja, fedha na dhamana zilizonunuliwa, kama hisa, hutunzwa na mwangalizi, kwa kawaida benki, ambaye si meneja wa mfuko. Meneja akiyumba, mali ya wawekezaji haichanganyiki na madeni yake. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi ndiyo utumie pesa, ondoka. Na usiseme jirani yako kalipwa: DECI, kampuni ya upatu iliyozimwa na serikali mwaka 2009, nayo ililipa waliotangulia, kwa "mbegu" za waliofuata.

Sasa, kilicho halali si lazima kikufae. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani kuikopesha serikali kwa muda huo, ni nzuri kwa fedha isiyo na haraka. Ukilazimika kuiuza sokoni Januari ili ulipe ada, unaweza kupata pungufu ya ulichoweka. Fedha ya mbolea ya Novemba naona ikae benki tu. Huko Bodi ya Bima ya Amana hukinga amana hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Akiba ya SACCOS na vipande vya mifuko, yaani sehemu unazonunua katika mfuko, havimo, na bei ya kipande hupanda na kushuka.

Kisha muulize wakala zinapita siku ngapi tangu ujaze fomu ya kuuza vipande hadi fedha iingie, na makato ni kiasi gani. Aandike, asaini. Akisema atakupigia kesho, rudi na hela yako Tukuyu.