Bustani ya Fin, Kashan: tuanze na maji, jumba baadaye

Watu wengi wakisikia bustani ya mfalme wa Uajemi swali la kwanza ni jumba: mfalme alilala wapi, dari zimechorwa nini, dhahabu ilikuwepo kiasi gani. Kazi yangu ni kuelimisha umma kuhusu majengo ya kale kwa hiyo hamu hiyo naielewa vizuri sana, ila kwa Bustani ya Fin nawaomba tuanze na maji. Majengo ya pale yamejengwa, yakaharibika, yakatengenezwa tena na watawala wa koo tatu tofauti, lakini maji ni yale yale, na ndo yaliyoamua jumba likae wapi, mti upandwe wapi, hadi mgeni aingilie upande gani.

Fin ipo Kashan, Iran, mji ulioko kati ya Tehran na Isfahan. Upande mmoja kuna jangwa kubwa la Dasht-e Kavir, upande wa pili kuna milima ya Karkas, na mvua ya mwaka mzima pale ni kidogo mno, yaani kwa mvua peke yake huwezi kulima chochote cha maana. Sasa mahali kama hapo panawezaje kuwa na bustani yenye miti mirefu na maji yanayotiririka mchana na usiku? Jibu ni chemchemi ya Soleymaniyeh, iliyopewa jina la Nabii Suleiman. Inatoka chini ya mlima, nyuma ya bustani, sehemu iliyo juu kidogo kuliko bustani yenyewe. Na msidhani wafalme ndo walioigundua. Kilomita chache tu kutoka hapo kuna vilima vya Tepe Sialk, makazi ya watu ya zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, yalichimbuliwa na Roman Ghirshman kutoka Ufaransa miaka ya 1930, na wale watu wa Sialk waliishi kwa maji ya upande huu huu. Kwa hiyo mfalme alipofika alikuta maji yana wenyewe tayari, kuna vijiji viwili, Fin Kubwa na Fin Ndogo, kuna mashamba, na baadaye vinu vya kusaga nafaka vilivyozungushwa na mkondo huo huo. Hii ni muhimu, tutairudia.

Bustani tunayoiona leo inahesabiwa kuwa ni ya mwishoni mwa karne ya 16, zama za Shah Abbas wa Kwanza wa ukoo wa Safavi, aliyetawala 1588 hadi 1629, yule aliyehamishia mji mkuu Isfahan. Kashan aliipenda sana, ulikuwa mji wa hariri, mazulia na vigae, na kaburi lake linatajwa kuwa hapo hapo Kashan, kwenye jengo la kaburi linalozuriwa la Habib ibn Musa. Eneo la bustani ni hekta 2.3 hivi, sawa na viwanja vitatu vya mpira, kwa hiyo kwa bustani ya mfalme wala siyo kubwa kivile. Imezungukwa na ukuta mrefu wenye minara ya mviringo kwenye pembe nne. Ukuta ule siyo wa kuzuia maadui tu, unazuia pia upepo wa jangwani wenye vumbi na joto, bila huo miti michanga ingekauka kabla haijashika.

Ndani mpango wake ni ule wa Kiajemi unaoitwa chahar bagh, bustani nne: mifereji miwili inakatana na kuligawa eneo, na pale katikati ndo linakaa jumba. Mpango huu ni wa zamani mno, kule Pasargadae, mji wa Mfalme Koreshi wa karne ya 6 kabla ya Kristo, wachimbaji walikuta mifereji ya mawe na vibirika vyake imepangwa kwa mistari iliyonyooka kuzunguka majengo ya kifalme. Na ukiwahi kuona picha ya Taj Mahal kule India, ule mfereji mrefu mbele na bustani iliyogawanywa, basi umeuona mtoto wa mpango huu huu, wafalme wa Mughal waliuchukua kwa Waajemi.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndo mimi huwa nasimama muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Fin haikuwa na pampu hata moja. Maji ya chemchemi yanakusanywa kwanza kwenye birika kubwa nyuma ya bustani, huko juu, halafu kutoka hapo yanaingizwa kwenye mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyofukiwa ardhini kando ya mifereji. Maji yakifungiwa ndani ya bomba yakateremka, yanakuwa na nguvu ya kupanda tena karibu na usawa wa kule yalikotoka, kwa hiyo mafundi wakiacha tundu sehemu ya chini, maji yanaruka juu yenyewe. Ndo hivyo mistari yote ya maji yanayoruka mle Fin imekuwa ikifanya kazi kwa karne nyingi, bila injini, kwa tofauti ya kimo tu. Ila kuyafanya yaruke kwa usawa kwenye mstari mrefu siyo mchezo, lazima upime mteremko kwa umakini mkubwa, la sivyo tundu la kwanza linaruka na la mwisho linatoa machozi. Waliofanya hivyo walikuwa mafundi wa mji ule, watu waliorithishana kazi ya kuchimba kanati, yale mahandaki marefu ya kuleta maji ya chini ya mlima hadi mashambani. Majina ya wafalme tunayajua wote na ya mafundi hatuyajui, na kwangu mimi heshima ya kwanza ya Fin ni yao.

Sakafu na kingo za mifereji zimewekwa vigae vya rangi ya feruzi, vigae ambavyo Kashan ilikuwa bingwa wa kuvitengeneza tangu zama za kati. Mifereji yenyewe haina kina kikubwa ila ile rangi inafanya maji yaonekane mengi na hai, na kwa mtu aliyetoka jangwani macho yake yanapumzika kabla hata hajanawa uso. Kando yake kuna miti mirefu ya misaipresi, mingine inasemekana ina miaka mia kadhaa, imepandwa kwa safu kufuata mfereji, na kivuli chake kinapunguza maji yanayopotea kwa jua. Kila kitu mle kina kazi zaidi ya moja, hakuna pambo la bure.

Mgeni anaingilia lango la ghorofa lililopo upande wa chini, akisimama hapo anaona mfereji umenyooka mpaka jumba la katikati, na maji yanamjia yeye. Jumba hili lililoanza zama za Safavi lipo wazi pande zote, na chini yake, ndani kabisa, kuna birika ambalo maji yanapita. Kwa hiyo ukikaa ndani uko kivulini, hewa inapita juu ya maji inapoa, na unaisikia bustani hata kama umefumba macho. Tumezoea majumba ya kifalme ya Ulaya ambapo jumba ndo bwana na bustani imetandazwa mbele yake kama mkeka wa kulipamba. Fin ni kinyume chake, jumba limewekwa kama mgeni mwingine aliyekuja kukaa kando ya maji, na mfalme akiwa mle hatazamwi, anatazama.

Baada ya Abbas, Shah Abbas wa Pili naye aliongeza mambo yake katikati ya karne ya 17. Ukoo wa Safavi ulipoanguka, 1722, bustani ilipita kipindi kibaya, akaja Karim Khan, mtawala wa ukoo wa Zand, akajenga sehemu yake ya faragha humo, halafu mwaka 1778 tetemeko kubwa likaipiga Kashan na kuubomoa mji vibaya sana. Aliyeirudishia Fin sura ya kifalme ni Fath Ali Shah wa ukoo wa Qajar, aliyetawala 1797 hadi 1834, alitengeneza yaliyobomoka, akajenga sebule nyingine yenye birika la ndani na dari iliyochorwa, na akaongeza hamamu kubwa, yaani nyumba ya kuogea, kando ya ile ndogo ya zamani.

Na hapa kwenye hamamu ndo penye habari ambayo kila Muiran anaijua tangu shule ya msingi. Mirza Taghi Khan, aliyejulikana kwa cheo cha Amir Kabir, alikuwa mtoto wa mpishi kwenye nyumba ya waziri mmoja, akapanda kwa akili yake mpaka akawa waziri mkuu wa kijana Naser al-Din Shah mwaka 1848, akamuoa na dada yake Shah, aliyeitwa Ezzat ed-Dowleh. Kwa miaka mitatu tu alipunguza posho za watu wa ikulu waliokuwa wanakula hazina bila kazi, alipanga upya jeshi, alisukuma chanjo ya ndui, alianzisha gazeti la serikali, na akajenga Dar ul-Funun, chuo cha kwanza cha kisasa Iran. Tuseme na upande wa pili pia kwa sababu historia haina malaika: serikali yake iliwazima wafuasi wa dini ya Babi kwa damu, na kiongozi wao Bab aliuawa 1850 chini ya utawala wake. Lakini maadui waliomuangusha walikuwa wale wa ikulu, wakiongozwa na mama yake Shah, Mahd-e Olia. Mwishoni mwa 1851 alivuliwa madaraka akapelekwa kuishi Fin kama mfungwa, mkewe akamfuata, na inasimuliwa alikuwa haachi chakula kimfikie mumewe bila yeye kukionja kwanza. Haikusaidia. Januari 1852 alitumwa mtu na amri ya Shah, wakamkuta Amir hamamuni, wakamkata mishipa, damu ikamuishia pale. Chuo chake kilikuwa kimefunguliwa Tehran takribani wiki mbili tu kabla. Leo kwenye ile hamamu ndogo wameweka sanamu za kuonyesha tukio, na wageni wengi wa Kiiran wanakwenda Fin kwa ajili ya chumba kile kuliko kitu kingine, wengine wanatoka wanafuta machozi. Ni haki yao kabisa.

Kwa wasomaji wa Zanzibar kuna jambo la karibu sana hapa. Miaka hiyo hiyo, 1850, Seyyid Said alijenga hamamu za Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad, binti wa ukoo huu huu wa Qajar. Zile nakshi za chokaa za maua na ndege mnazoziona Kidichi ni mtindo wa kwao, na mpangilio wa vyumba vya kubadilishia nguo, maji moto na kupumzikia unatoka kwenye utamaduni ule ule wa hamamu za Fin. Walimu wanaowapeleka wanafunzi Kidichi wanaweza kabisa kufundishia historia ya Qajar wakiwa wamesimama pale pale Unguja.

Baada ya mauaji yale bustani iliachwa, ikaporwa vitu vyake vya thamani, mwanzoni mwa karne ya 20 magenge yenye silaha yalipita humo, na mwaka 1935 ndo ikaandikishwa kuwa mali ya taifa na kuanza kutunzwa. Mwaka 2011 UNESCO iliweka Fin kwenye Urithi wa Dunia pamoja na bustani nyingine nane za Kiajemi, zikiwemo Pasargadae, Eram ya Shiraz, Chehel Sotun ya Isfahan, Dowlatabad ya Yazd na Shahzadeh kule Mahan.

Sasa turudi kwa wale wanavijiji. Maji ya Fin hayaishii bustanini, yakimaliza kuruka na kuzunguka yanatoka nje kwenda mtaani na mashambani, ambako tangu zamani watu waligawana kwa zamu za muda, kila familia na fungu lake. Kwa maoni yangu hiki ndo kilichoiokoa Fin wakati wafalme hawapo, mfereji ukiziba watu wa chini wanakosa maji, kwa hiyo walikuwepo siku zote watu wenye sababu ya kuuzibua. Tatizo la leo lipo mbali na ukuta. Iran kwa miongo kadhaa imechimba visima virefu vya pampu nchi nzima, maji ya ardhini yanashuka, kanati nyingi zimekauka, na uwanda wa Kashan ni sehemu ya tatizo hilo. Unaweza kukarabati kila kigae na kila dari, lakini chemchemi ikipungua nguvu yale maji hayaruki tena, na ukiweka pampu ya umeme kuyarusha umebaki na picha ya Fin tu. Ndo maana mimi nasema mpaka wa ulinzi wa bustani hii usiwe ule ukuta wa minara minne, uanzie kule mlimani maji yanakoingilia ardhini, na wanaotoa vibali vya visima wakae meza moja na watunza urithi kabla kibali hakijasainiwa.