Wimbi Halifi, Linajipanga

Anayeanza kusoma milinganyo ya mawimbi yenye mtawanyiko, yaani kutengana kwa mawimbi ya urefu tofauti, huiona grafu ikizidi kulala kadiri muda unavyokwenda, akasema wimbi limekufa. Naomba tuliache neno hilo. Katika milinganyo ya mstari kama ya Schrödinger au ya Airy, ukichukua mraba wa kimo cha wimbi ukaujumlisha katika nafasi yote, jibu ni lilelile leo na baada ya miaka milioni.

Chanzo cha kulala huko ni kwamba kila urefu wa wimbi una mwendo wake. Mlinganyo hutupa uhusiano kati ya masafa ω (kwa radiani kwa sekunde) na namba ya wimbi k (2π ikigawanywa kwa urefu wa wimbi), na nishati husafiri kwa kasi ya kundi, yaani mteremko wa grafu ya ω dhidi ya k. Kwenye maji ya kina kirefu, ω² = gk, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa hiyo kundi huenda kwa nusu ya kasi ya vilele vyake. Ukilikazia macho, utaona kilele kikichomoza nyuma ya kundi, kikipita katikati, kisha kikipotelea mbele.

Sasa tusafiri kwa kasi isiyobadilika, x/t, yaani umbali x ukigawanywa kwa muda t. Pale tulipo, suluhisho ni jumla ya mawimbi yasiyo na idadi, na t ikikua, awamu zao (mahali kila wimbi lilipo katika mzunguko wake) huzunguka upesi kiasi kwamba majirani hufutana. Husalimika yale tu ambayo kasi yake ya kundi ni x/t. Hii ndiyo mbinu ya awamu tulivu, ambayo mwanafizikia Kelvin aliitumia kwa mawimbi ya maji mwaka 1887. Ukanda wa k unaosalimika una upana wa takriban 1/√t, hivyo kimo hushuka kama 1/√t, huku eneo lenye mawimbi likitanuka kama t. Mraba wa kimo mara eneo: hesabu inafunga. Tena kimo kinachobaki hutegemea kiasi cha k hiyo kilichokuwamo tangu mwanzo. Ukisubiri vya kutosha, badiliko la Fourier la hali ya mwanzo, yaani kiasi cha kila k kilichokuwamo, hujitandaza lenyewe mbele yako. Kwangu, hakuna tokeo zuri kuliko hili katika somo zima.

Bahari inalionyesha waziwazi. Mwaka 1963 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini yakivuka Pasifiki hadi Alaska. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 5,000, kundi la mawimbi yenye kipindi cha sekunde 20 huenda mita 15.6 kwa sekunde, likafika baada ya saa 89 hivi. Lile la sekunde 12 huchukua saa 148. Masafa yanayopokelewa, yakihesabiwa kwa mizunguko kwa sekunde, hupanda kwa mstari ulionyooka, na mteremko wake, g/4πx, hukupa umbali wa dhoruba.

Kuna mahali kanuni ya 1/√t hulegea: pale kasi ya kundi inapofikia upeo wake. Hapo mawimbi mengi zaidi huenda pamoja, na kimo hushuka polepole, kama t^(−1/3). Ndiyo maana kingo za mkia wa mawimbi unaoachwa na meli hubaki wazi kuliko sehemu yake ya ndani.

Na yote haya yanahitaji nafasi isiyo na mwisho. Uweke mlinganyo huru wa Schrödinger (usio na nguvu ya nje) kwenye duara, mawimbi hayana pa kutawanyikia: kila baada ya muda maalumu hali ya mwanzo hurudi ilivyokuwa, kamili.