“Alikaidi amri”: maneno mawili yanayowaumiza wagonjwa wangu

Usiku mmoja nililetewa kijana mwenye pingu. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, na karatasi iliyokuja naye ilieleza kwa ufupi: alikutwa akivuta vitasa vya magari yaliyoegeshwa, aliitwa hakujibu, alikaidi amri, aliposhikwa akapigana. Nilimwomba afungue mdomo. Ubavuni mwa ulimi kulikuwa na jeraha bichi, alama za meno zikionekana moja moja. Nikamwita askari aliyemleta aje aone. Kwa daktari wa kifafa, ulimi ulioumwa namna ile unaeleza mengi. Askari aliutazama kwa muda, kisha akaniuliza: “Sasa mbona hakusema?”

Tangu usiku ule nimelijibu swali hilo mbele ya madarasa mengi ya askari. Hakusema kwa sababu sehemu ya ubongo inayosema ilikuwa haijarudi kazini.

Kifafa cha kuanguka na kutoa povu kinajulikana na kila mtu. Kipo kingine kisichomwangusha mtu. Macho yako wazi, anatembea, anatafunatafuna, anachezea vifungo vya shati au kitasa chochote kilicho karibu, lakini hayupo. Na hata yule aliyeanguka, degedege likishapita, ubongo haurudi wote kwa mpigo mmoja. Miguu inaweza kutangulia na maneno yakafuata baadaye, baada ya dakika chache au saa nzima, wakati mwingine zaidi. Ukimbana kwa nguvu katika pengo hilo, mwili wake utapambana kama wa mtu anayezama majini. Hana ugomvi na wewe. Hajui hata kwamba upo. Ondoa vitu vya hatari karibu naye, sema naye taratibu, mpe nafasi. Mara nyingi ataketi mwenyewe, na baadaye atauliza yuko wapi.

Ukilitazama vizuri neno “alikaidi”, limebeba madai matatu: kwamba mtu alisikia, kwamba alielewa, na kwamba mwili wake ungeweza kufanya alichoambiwa ila hakutaka. Askari anayaandika yote kwa neno moja, na mara nyingi hajathibitisha hata moja.

Kiziwi anakwama kwenye dai la kwanza. Mwaka 2017, mjini Oklahoma City, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumuua mwanamume kiziwi aliyekuwa ameshika bomba la chuma mbele ya nyumba yake. Majirani walikuwa wakipaza sauti kwamba hasikii. Mikono ya kiziwi ndiyo mdomo wake. Akiiinua kujieleza, inaonekana kama tishio. Akiipeleka mfukoni kutafuta simu ili aandike, inaonekana kama anatoa silaha. Na ukimfunga pingu mikono ikiwa nyuma umemziba mdomo, kisha unamhoji.

Kwa dai la pili nina zoezi ninalolifanya darasani. Namsimamisha askari mmoja mbele, halafu wenzake watatu wanampigia kelele kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kazini: “Usisogee!” “Mikono juu!” “Lala chini!” Kisha namuuliza ametii ipi. Akiinua mikono, amesogea. Akisimama tuli, hajalala. Huyo ni mtu mzima wa afya aliyefunzwa kupokea amri, na bado anatutazama kama aliyepotea njia. Sasa mweke pale kijana mwenye usonji, ambaye sauti tatu kwa mpigo ni maumivu masikioni, anayehitaji muda kulichambua neno moja, na ambaye kuguswa ghafla na mtu asiyemjua kunamfanya ajirushe. Au mweke mzee mwenye demenshia, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu na ufahamu, ambaye sare ya polisi haimwambii chochote.

Dai la tatu, la mwili kuweza, ndilo linalosahaulika zaidi. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, anaweza kusikia, kuelewa, kutaka kabisa kutii, na miguu ikagoma kama iliyogandishwa sakafuni. Aliyepata kiharusi anapepesuka na maneno yanamtoka yamevurugika, anaitwa mlevi. Mwenye kisukari anaweza kuitwa mlevi kwa njia mbili: sukari ikipanda kupita kiasi, pumzi yake hupata harufu kama ya matunda au ya kitu cha kufutia rangi ya kucha, ikishuka, hasa chini ya miligramu 54 kwa desilita ya damu, ubongo unakosa chakula, naye anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa mkali, anasema ovyo.

Kuna kesi moja kuhusu sukari kushuka ambayo kila askari wa Marekani hufundishwa jina lake, lakini wachache hukumbuka ilihusu nini. Inaitwa Graham dhidi ya Connor. Novemba 1984, mjini Charlotte, Dethorne Graham alihisi sukari inashuka, akamwomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue juisi ya machungwa. Alipoingia akakuta foleni ndefu, akatoka mbio ili wajaribu kwingine. Askari aliyekuwa nje aliona mtu ameingia dukani na kutoka upesi, akashuku, akawafuata na kuwasimamisha. Graham alishuka garini, akalizunguka mara mbili akikimbia, akaketi ukingoni mwa barabara na kuzimia kwa muda mfupi. Walipofika askari wengine, alifungwa pingu kwa nguvu. Rafiki yake aliomba apewe sukari; hakusikilizwa, na mmoja wa askari akasema huyu ni mlevi tu. Graham alipozinduka akawaomba waangalie kwenye pochi yake, ilimokuwa alama ya kuonyesha ana kisukari. Akaambiwa anyamaze, uso ukasukumwa kwenye boneti. Juisi ilipoletwa hatimaye, wakakataa asiinywe. Baadaye taarifa ikaja kwamba dukani hakukutokea kosa lolote, wakamrudisha nyumbani. Alikuwa amevunjika mguu.

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia kesi hiyo kuweka kipimo: nguvu ya polisi ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa pale, kwa kukumbuka kwamba askari hulazimika kuamua ndani ya nukta chache. Ninakielewa kipimo hicho. Kinachoniuma ni kwamba kisa chenyewe hakikuwa cha nukta chache. Mgonjwa alizimia, akazinduka, akajieleza, rafiki akaeleza, juisi ikaletwa. Muda ulikuwepo tele, na jibu lilikuwa mfukoni mwa mtu aliyefungwa mikono.

Sasa niseme kuhusu kulazwa kifudifudi, maana hapo ndipo watu hufa. Mtu amelala kwa tumbo, mikono nyuma, goti au uzito wa askari juu ya mgongo. Kifua hakipanuki vizuri, tumbo linabanwa na kukisukuma juu kile kiwambo kinachovuta hewa. Tena huyu ametoka kupambana, damu yake imejaa asidi, na njia ya haraka ya kuipunguza ni kupumua kwa kasi kuliko kawaida. Hawezi. Basi anatapatapa kujinyanyua apate hewa, na aliye juu anasema bado anapinga, anaongeza uzito. Mwenye pumu, mwenye moyo dhaifu au mnene sana hufika mwisho mapema zaidi. Akisema hawezi kupumua anaambiwa kwamba anayeongea anapumua. Si kweli. Maneno machache yanahitaji hewa kidogo sana, na mtu anaweza kuyatamka akiwa anakufa. Chapisho la tahadhari lilitolewa chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani tangu 1995: mtu akishafungwa pingu, mtoeni kifudifudi mara moja. Ni jambo la sekunde tatu, kumgeuza ubavu au kumketisha.

Fani yangu nayo ina deni hapa. Kwa miaka mingi baadhi ya vifo hivi viliandikiwa chanzo kilichoitwa “deliriamu ya mhemko”, yaani eti mtu alichanganyikiwa na kupandwa na fujo hadi akafa, na goti lililokuwa mgongoni likatoweka kwenye cheti. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kiliufuta waraka wake wa 2009 uliolitambua jina hilo, na jimbo la California likapiga marufuku kuliandika kama chanzo cha kifo. Tulichelewa sana.

Askari huniambia, na wana haki, kwamba mgonjwa anaweza kuwa na kisu na kisu hukata bila kujali nani amekishika. Ni kweli. Ndiyo maana nawapa mfano wa Australia, Mei 2023: mama wa miaka 95 mwenye demenshia, mwenye uzito usiofika kilo 50, akitembea kwa kushikilia kigari cha kutembelea, kisu cha mezani mkononi. Askari alimpiga kwa kifaa cha umeme. Alianguka, kichwa kikapasuka kwa ndani, akafa baada ya siku chache. Mwaka uliofuata askari yule alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Nawauliza: mtu anayesogea polepole kiasi kile, ungepoteza nini kwa kurudi nyuma hatua tano na kufunga mlango?

Umbali, muda, na sauti moja tu inayoongea. Polisi wa Memphis, Marekani, walianza mafunzo ya saa 40 ya namna hiyo mwaka 1988, baada ya kumuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, na miji mingi imeyaiga. Utafiti unaonyesha askari hutoka na uelewa bora. Kama nguvu inapungua kweli barabarani, matokeo yanapingana. Mimi naamini darasa bila kubadilisha fomu halitoshi. Kwenye fomu, badala ya “alikaidi”, iandikwe: aliambiwa nini, na nani, kwa sauti au kwa ishara, mara ngapi, akapewa sekunde ngapi, na akafanya nini.

Kwa mnaoishi na mgonjwa: mkipiga simu ya dharura, anzeni na hali yake kabla ya fujo yake. “Ana kifafa, ametoka kuanguka, haelewi bado, hana silaha.” Mkilazimika kumweleza askari, mikono yenu ionekane. Na kadi ya ugonjwa msiiweke mfukoni wala kwenye pochi. Ining'inie shingoni, juu ya nguo. Kijana wangu wa vitasa alikuwa na bangili ya kifafa mkononi usiku ule. Ilikuwa chini ya pingu.