Vipande vya fulana havifumuki
Watu wengi hutupa fulana kuukuu wakiamini kwamba ukishazikata vipande, kingo zitafumuka, na kwamba bila ovaloki, mashine ya kufunga kingo kwa uzi, huwezi kuviunga ukapata nguo mpya kama blauzi. Si kweli.

Kinachofumuka ni kitambaa cha nyuzi zilizopishana, kama cha shati la kola. Fulana haikutengenezwa hivyo: uzi wake umepita vitanzi ndani ya vitanzi, sawa na sweta, ila ni mwembamba zaidi. Kata kipande, kisha uvute ukingo. Hautoi nyuzi, unajikunja tu kama jani linalokauka. Ndiyo maana pindo la chini unaweza kuliacha bila kulishona kabisa. (Mimi huliacha, napenda linavyojiviringisha.)

Tatizo halisi liko kwenye mshono. Fulana inavutika, uzi wa kushonea hauvutiki. Ukipiga mshono ulionyooka, siku ya kwanza unapopitisha kichwa utasikia "ta-ta-ta": uzi umekatika. Zigizagi nyembamba (mshono unaopinda huku na huku) ya cherehani ya kawaida inatosha, kwa sababu hutanuka pamoja na kitambaa. Badilisha sindano pia. Yenye ncha butu kidogo husukuma vitanzi pembeni. Ile kali huvitoboa, na hapo ndipo vitundu huanzia. Wala usikivute kitambaa unaposhona, kitatoka na mawimbi.

Kabla ya kuunga, panga vipande vyote ili upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Kimoja kikikaa kinyume, blauzi itakwama mabegani.