Maziwa Hayaondoi Sumu ya Machimbo: Maswali Ninayoulizwa Zahanati Huku Nzega

Mimi ni muuguzi katika zahanati iliyo kando ya barabara ya vumbi, wilayani Nzega, mkoa wa Tabora. Malori yanapita hapa yakibeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe. Kiangazi mchicha wa jirani zetu hubadilika rangi kwa vumbi, na bado unachumwa. Haya ndiyo ninayoulizwa siku za kliniki ya watoto.

Metali nzito ni nini?
Ni vitu kama risasi (ile metali, si ya bunduki), zebaki, aseniki na kadimiamu. Mawe ya dhahabu yanaweza kuwa na risasi na aseniki ndani yake, na jiwe likisagwa zinatoka na vumbi. Zebaki analeta mchimbaji mwenyewe ili ikamate dhahabu. Haziozi wala haziungui zikaisha.

Zinaingiaje kwenye mboga?
Vumbi linatua juu ya jani, na mizizi nayo inanyonya kutoka udongoni. La juu ya jani utaliondoa kwa kuosha mara mbili tatu kwa maji safi mengi. Kilichoingia ndani hakitoki kwa kuchemsha, kwa chumvi wala kwa magadi. Hiki si kijidudu useme moto utakiua. Kando ya barabara ya malori, au palipomwagwa marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu), usilime mchicha wala matembele. Kama huna shamba jingine, panda mahindi: punje hukusanya metali kidogo kuliko majani.

Na michembe, jamani! Viazi vimekatwa vibichi, vina unyevu, vinaanikwa hatua tatu kutoka barabarani. Vumbi lote linanata humo. Anika nyuma ya nyumba, juu ya chanja, ufunike kwa kitambaa chepesi. Chandarua cha mbu ni cha kulalia, kiache kitandani.

Lakini sisi tunakunywa maziwa. Si yanaosha sumu?
Hapana. Maziwa hayaoshi sumu. Nawasikia wachimbaji wakisema, "Nikitoka kwenye karasha napiga nusu lita, kifua kinakuwa safi." Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi na mvuke wa zebaki vimekwenda kwenye mapafu na kutoka huko vimeingia kwenye damu. Vitakutana wapi?

Hata mtindi? Hata maziwa ya moto?
Hata mtindi, hata ya moto, hata ya ng'ombe aliyekamuliwa sasa hivi. Mtoto anayekula vizuri, akapata maziwa, dagaa na maharage, tumbo lake hunyonya risasi kidogo kuliko la mtoto mwenye njaa au mwenye upungufu wa madini ya chuma. Kwa hiyo mpe maziwa kama chakula, na asianze kucheza asubuhi kabla hajala. Lakini risasi iliyokwisha kuingia hujificha kwenye mifupa, hukaa humo miaka mingi, na hakuna kikombe cha maziwa kitakachoifuata huko. Nasema kwa ukali kwa sababu naona wanaoletwa wamechelewa wiki tatu, nne, na kila nikiuliza mlifanya nini naambiwa, "Tulikuwa tunampa maziwa."

Mtoto akiathirika anaonyesha nini?
Mara nyingi haonyeshi kitu mwanzoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Baadaye tumbo linauma na choo kinakuwa kigumu, anapauka, analegea, anakuwa mzito kujifunza. Mwingine alikuwa ameanza kuongea, akanyamaza. Akitapika mfululizo, akipata degedege au akipoteza fahamu, mlete saa hiyo hiyo. Usimpe maziwa kwanza. Usimpeleke kwa mganga kwanza. Degedege inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa risasi, na zote mbili zinaua. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa risasi kutoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Wengi walikuwa chini ya miaka mitano.

Mume wangu hasagi nyumbani. Tuko salama?
Anarudi na nguo gani? Nguo za karasha zikiingia ndani, vumbi limeingia, na mtoto anayetambaa atalilamba. Avue nje, aoge, ndipo ambebe mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Nyumba ipigwe deki kwa tambara la maji, maana ufagio mkavu unalirusha tu vumbi hewani. Na dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki isichomwe jikoni kabisa: mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki.

Mimi mjamzito nina hamu ya udongo.
Acha, mama. Udongo wa huku unaweza kuwa na hiyo hiyo risasi, na risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hata ile ya zamani iliyo kwenye mifupa yako hutoka wakati wa ujauzito. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo njoo tupime damu na tukupe vidonge vya kuongeza damu.

Nikija zahanati nisemeje?
Taja machimbo, hata kama umekuja kwa ajili ya tumbo tu. Sema nani anafanya kazi kwenye karasha, nani anachoma, mnalima wapi. Zahanati haina kipimo cha risasi kwenye damu. Tusipojua hayo tutatibu minyoo na kukurudisha nyumbani kule kule kwenye vumbi. Tukijua, tunakupa rufaa. Dawa za kutoa risasi mwilini hutolewa hospitali kubwa, chini ya uangalizi, kwa waliozidiwa. Hata hizo hazirudishi ubongo ulioharibika, na hazifai kitu kama mtoto anarudi kwenye uwanja ule ule. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto, njoo wiki hii.