Kidonda cha mdomoni hakichokonolewi

Nauza dawa Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwenye vidonda vya mdomoni haulizi, anaagiza: "Nipe rangi mbili, mbili tu," yaani kapsuli za antibayotiki. Kapsuli ataifungua, unga aumwage kwenye kidonda, akunje uso. Dhana hii, kwamba unga huo huponya kidonda, ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Vile vidonda vidogo vya duara, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, kwa kawaida havisababishwi na bakteria. Vingi hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo aliyemwaga unga siku ya nane anausifu unga. Mtoto mdogo mwenye vidonda, homa na fizi zilizovimba mara nyingi ana virusi vya hepesi, na antibayotiki haiui virusi. Akiwahi kwa daktari siku 3 za mwanzo, huenda akaandikiwa asikloviri, dawa ya virusi. Kazi kubwa ni kutuliza maumivu na kumnywesha: parasetamoli kwa uzito wake, maziwa, uji uliopoa, kijiko kwa kijiko.

Majuzi bibi mmoja alileta mjukuu, mate yanamchuruzika, kifua cha fulana kimelowa. Alikuwa amempaka ndimu na chumvi. Nilipomwambia bibi amfunue mdomo nione, mtoto alikiona kile kidole kinakuja akabana midomo kama mlango wa ghala.

Dhana nyingine ninazozisikia dukani ni hizi. "Kikwanguliwe mpaka uchafu utoke." Ule weupe si uchafu, ni utando unaofunika kidonda, ukiukwangua umejirudisha mwanzo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema, mara 3 au 4 kwa siku. Asiyejua kutema asipewe. Ubuyu na zabibu chachu vingoje.

"Bandika aspirini." Inaunguza nyama ya shavu.

"Ni kimeo, kikatwe." Kimeo hakileti vidonda. Wembe ndio unaoleta, pamoja na kuvuja damu na pepopunda.

"Ana vidonda, basi ana ngoma," yaani virusi vya UKIMWI. Kujing'ata, msongo na upungufu wa madini ya chuma huleta vidonda pia. Ila utando mweupe wa fangasi mdomoni unaomrudia mtu mzima ni sababu ya kupima.

"Fizi zimeoza, ng'oa meno." Fizi zikiuma ghafla, ncha zake zikalika katikati ya meno, zikatoa damu na harufu kali, hao sasa ni bakteria. Tiba ni kusafishwa meno taratibu, kusukutua dawa ya klorheksidini na, daktari akiona inafaa, antibayotiki ya metronidazoli, bila kunywa pombe. Meno kwa kawaida hubaki. Lakini mtoto aliyekonda, labda katoka surua, akivimba shavu au likatoka doa jeusi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaoozesha nyama ya uso, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Na mtu mzima mwenye kidonda kilichopita wiki 3, hata kama hakiumi, aende akapimwe saratani.

Bibi alirudi Jumanne kwa chupa nyingine ya parasetamoli. Mjukuu alikuwa mgongoni, mdomo wazi, ana mlenda kidevuni.